Jiwe la Kutulia Ndoo

Kwetu Kitangari maji yalikuwa bondeni, na sisi tuliishi juu. Katikati ya mteremko palikuwa na jiwe kubwa jeupe la chokaa, limejaa makombe ya chaza na konokono waliogeuka mawe. Mama hakuwahi kulipita bila kutua ndoo. Mimi nilikichukia kituo kile, maana nilikuwa msichana wa haraka, na mdomo ninao.

Waliwahi kupita wataalamu wa mawe wakatuambia pale palikuwa chini ya bahari, enzi za dinosaria. Mama, ambaye bahari hajaiona, aliwasikiliza kwa adabu zote. Walipoondoka akainama akalilamba jiwe, akaniambia mbona halina chumvi, wale watu wamepigwa na jua tu. Nilicheka mpaka nikamwaga maji.

Kisha biashara ya korosho ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakapanda na malori yao, na waliouza vizuri wakataka nyumba zao zipakwe chokaa. Asubuhi moja, tukipanda na maji, tukamkuta mchoma chokaa ameshalipasua jiwe letu, vipande amevipanga tayari kwa tanuri. Nikamwamkia. Mama hakungoja salamu ziishe, alimwomba kipande kimoja, chenye kombe kubwa lenye mikunjo. Yule baba akasema achukue tu, ila ni kizito.

Mama akaitua ndoo yake, akaimwaga. Yote. Akajitwika jiwe kichwani juu ya ngata, akashika njia, ndoo tupu mkononi.

Nilimfokea mpaka nyumbani, Mungu anisamehe. Sare yangu ya shule ingefuliwa na nini? Ndoo moja kwa watu sita, ana akili kweli? Yeye anapanda tu, anahema. Tulipofika akalitua mlangoni, akanishika mkono, akaviingiza vidole vyangu kwenye mikunjo ya lile kombe.

"Nilishika hapa," akasema. "Uchungu ulinikuta njiani, niko peke yangu na ndoo. Nilishika hapa mpaka wewe ukatoka, mwanangu."

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Nilimpenda mama yangu siku ile mpaka kifua kikauma. Nikachukua ndoo yake nikateremka tena. Wakati wa kupanda nikatua palepale, kwenye vumbi jeupe, ingawa sikuwa nimechoka.