Nilimwita Mama Mkwe Mchawi

Kosa ni langu. Nalisema mapema msije mkanihurumia bure. Nilimwita mama mkwe wangu mchawi, hadharani, mchana kweupe! Na kwetu Shinyanga, miaka ile ya tisini, kumtupia mwanamke mzee neno hilo ilikuwa sawa na kumwekea panga shingoni. Nililijua hilo nilipolitamka.

Mume wangu alikuwa Mmisri, fundi wa mitambo ya kuchimba visima. Alikuja kwa kazi, tukapendana, tukaoana, tukapata binti, Nadia. Mtoto alipotimiza miaka miwili, mama yake mume wangu akafunga safari kutoka kwao kuja kumwona mjukuu.

Mama wa watu! Kiswahili hajui, Kisukuma ndiyo usiseme. Siku ya kwanza nilimkaribisha chakula, akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa. Nikaondoa sahani. Kumbe kwao mgeni mwenye adabu hukataa kwanza, na mwenyeji humbembeleza mpaka akubali. Mimi nikadhani anaona kinyaa. Mume wangu alikuwa kazini vijijini, wa kunieleza hakuna. Bibi wa watu akashinda na njaa ndani ya nyumba ya mwanawe!

Halafu mlenda. Jamani, nao wanakula mlenda kama sisi! Lakini alipomimina kitunguu saumu cha kukaanga, alivuta pumzi kwa nguvu, "Haaa!" Ndivyo wafanyavyo wapishi wa kwao, eti bila hivyo mboga hainogi. Mimi nikawaambia majirani ananuizia chungu. Tulicheka, lakini moyoni nilianza kumwogopa.

Nadia akashikwa na homa. Nilitoka kuchota maji bombani, na niliporudi nikamkuta bibi ameketi kando ya mtoto, ubani unafuka, mkononi ana karatasi aliyoikata umbo la mtu. Anaidunga sindano huku anataja majina. Nikasikia jina langu. Akadunga.

Sikuuliza. Nilimnyakua mwanangu, nikatoka nje nikapiga mwano, ule ukelele wetu wa hatari. "Njooni! Ananirogea mtoto!"

Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakaja na marungu yao. Bibi alitoka kushangaa kelele, jiwe la kwanza likampata mkononi. Jirani yetu, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa, ndiye aliyemvuta ndani kwake akakomea mlango. Mimi nilisimama natazama.

Mume wangu, ambaye siku hiyo alikuwa karakana ya hapo mjini, akaja mbio. Akaniingiza ndani, nikamsimulia.

"Alitaja jina lako tu?" akauliza.

"Na la Mama Rehema jirani."

"Na langu?"

Nikakumbuka. Alilitaja. Alitaja hata lake mwenyewe.

"Anatoa kijicho," akasema. "Kwetu mabibi hufanya hivyo mjukuu akiugua. Anataja kila aliyemtazama mtoto, maana hata anayempenda anaweza kumdhuru kwa jicho bila kukusudia. Halafu karatasi anaitia moto, basi. Mimi nimefanyiwa mara ngapi utotoni! Mama Nadia, nakuomba, toka uwaambie."

Nikatoka. Naapa, nilitoka nimekusudia kusema! Lakini watu walikuwa wamejaa, kaka yangu yuko mbele, macho yote kwangu. Kamanda wa sungusungu akaniita mama kwa Kisukuma, akaniuliza taratibu, "Mayu, una hakika?"

Nikaona aibu. Aibu tu, wala si hofu.

"Nilichokiona nimekiona," nikajibu.

Mume wangu alikuwa mlangoni nyuma yangu. Alisikia.

Hakunigombeza. Alileta gari la kazini mpaka mlango wa nyuma wa lile duka, akampakia mama yake. Kisha akanifuata. "Nampeleka mtoto hospitali. Panda, twende wote." Nikachungulia garini. Mama mkwe ameketi, mkono umefungwa kwa kipande cha kitambaa, ananitazama. Ningeketi naye vipi? Nikamkabidhi Nadia, mimi nikabaki nimesimama pale.

Hawakurudi. Baada ya miezi ilikuja barua moja: ilikuwa malaria, mtoto amepona, wako kwao Misri. Anwani hakuandika.

Mjini hapakukalika. Nilihamia Nyarugusu, nikawa nawapikia wachimbaji wa dhahabu. Kutwa nimezungukwa na watu, wananiita Mama Nadia, nami naitika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona huyo Nadia! Sasa ni mtu mzima. Tukikutana leo, sijui tutasalimiana kwa lugha gani.

Ndugu zangu, usilolijua, uliza. Na ukishaelezwa ukaona umekosea, sema hapo hapo, mbele ya hao hao uliowaita. Majirani wangenicheka siku mbili tatu, wakasahau. Mimi nikaikimbia aibu ya siku tatu, nikaolewa na upweke.