Nilikubali Zote, Mtoto Hayumo

"Haya, nakubali! Nakubali zote! Chukueni, chukueni kila kitu, mniache nipumzike!"

Hayo ni maneno yangu mwenyewe, niliyasema kwa sauti ya kufukuza nyani shambani, mchana kweupe, nyumbani kwa mama mkwe wangu Kilosa, dirisha likiwa wazi na wageni wamekaa chini ya dirisha hilohilo. Nikikumbuka masikio bado yananiwaka. Lakini nimeamua kusimulia mwenyewe kabla mawifi zangu hawajawasimulia, maana kwao nimeshaongezewa kugaagaa chini, na sikugaagaa. (Kulia nililia kidogo. Baadaye.)

Mimi naishi Mikumi na mume wangu, Baba Nuru, ambaye msimu wa miwa anaendesha lori huko Kidodi na nyumbani anaonekana kama mwezi mwandamo. Nuru ndiye mtoto wetu wa kwanza, ana miaka miwili kasoro kidogo, na ananyonya kama vile maziwa yanafungwa kesho. Nilimpeleka Kilosa kumsalimia bibi yake, siku chache tu, na siku ya kwanza kabla hata sijavua viatu mama mkwe akaniuliza, "Sasa Nuru nimtandikie chumba kipi?" Kwao mtoto anaachishwa ziwa kwa bibi: mama anaondoka, mtoto anabaki mwezi mzima, akirudi ameshasahau. Mume wangu aliachishwa hivyo, na mawifi zangu wote. Mimi sikutaka. Lakini mama mkwe nampenda jamani, ndiye aliyenikanda maji ya moto siku arobaini nilipojifungua, sasa mtu kama huyo unamwambiaje hapana? Nikawa namjibu "tutaona, Mama", mara "ngoja nimuulize Baba Nuru", mara "inshallah". Siku tatu nzima inshallah.

Siku ya nne akaja shangazi yake mume wangu, Bi Mwajuma, kashuka kutoka Vidunda na maharage yake na maneno yake, na majirani wawili wakaja kumsalimia. Nikawaamkia wote, shikamoo, marahaba mwanangu, kisha nikaingia chumbani nikisema namlaza mtoto. Uongo. Nilikwenda kutafuta silaha. Nilitaka niingie mtandaoni nipate mahali palipoandikwa kwamba mtoto anaweza kuachishwa ziwa taratibu akiwa na mama yake, nitoke nayo nje niwasomee. Kidato cha nne nilimaliza, kusoma najua.

Tovuti nikaipata, kichwa cha habari kilekile ninachokitaka, nikagusa. Kabla sijamaliza mstari wa kwanza likapanda jibango limefunika kioo kizima: "Tunajali faragha yako." Asante. "Sisi na washirika wetu tunatumia vidakuzi." Chini yake kitufe cha kijani, kinene kama andazi: KUBALI ZOTE. Pembeni maandishi ya kijivu, membamba kama mtu anayeogopa kukohoa: dhibiti chaguo zako. Cha kukataa hakuna. Mimi nimelelewa kwamba hukubali kitu usichokijua, nikagusa yale ya kijivu. Ikafunguka orodha ya washirika ndefu kuliko ya waalikwa wa harusi, nikaanza kuzima mmoja mmoja kwa kidole gumba, huku Nuru ananyonya na mkono wake unapiga kioo, nazima, nashuka, nazima, na kila mshirika ana swichi ya pili imeandikwa "maslahi halali" (halali kachinja nani?), nikafika karibu na mwisho kabisa, Nuru akagusa pembeni, ukurasa ukafunguka upya na jibango likarudi palepale: "Tunajali faragha yako."

Ndipo nikapiga ile kelele mliyoisoma hapo juu, na kidole nikakibamiza kwenye andazi.

Nje vikalipuka vigelegele.

Nikatoka na mtoto begani kuona kuna nini. Bi Mwajuma akanivisha kanga mpya, doti nzima, bado inanuka duka. Mama mkwe anafuta machozi kwa ncha ya mtandio huku simu iko sikioni, anamwambia Baba Nuru: "Kakubali mwenyewe, mwanangu! Wala sikumlazimisha!" Sikuelewa hata moja, lakini mtu akikuvisha kanga unashukuru, nikasema asanteni sana. (Hilo kosa la pili.)

"Mkwe umepata, wifi yangu," Bi Mwajuma akamwambia mama mkwe. "Umemuuliza mara moja tu dirishani, Mama Nuru unakubali abaki, kajibu kama askari. Sisi wenzake tulilia wiki. Yeye, mchukueni mniache nipumzike!"

Swali hilo mimi sikulisikia, nilikuwa nazima washirika. Na badala ya kuongea kwa adabu, shule ikanipanda kichwani.

"Sikusema mchukueni! Nilisema chukueni!"

"Tofauti yake nini?"

"Haina m, Shangazi! Na nilisema nakubali zote. Zote ni ngeli ya I-ZI. Nuru ni mtu, yuko A-WA! Mtu hawezi kuwa zote!"

Yaani nimesimama mbele ya wakwe, gauni nusu limefungwa, nafundisha ngeli. Jirani mmoja akaziba mdomo. Bi Mwajuma akanitazama, akaitazama kanga begani mwangu.

"Na kanga ziko ngeli gani?"

"I-ZI," nikasema, sauti imebaki nusu.

"Basi hizo ndizo ulizokubali. Ya mtoto tutazungumza."

Kicheko kilichopigwa pale, treni ingepita tusingeisikia. Hapo ndipo nilipolia.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikata simu akasema, "Nionyeshe hicho ulichokikubali." Nikamfungulia kwenye simu yake (yangu ilishapata ilichotaka, haikuuliza tena). Akavaa miwani, akasoma kwa kidole.

"Vi-da-ku-zi. Ndio wadudu gani?"

"Vinakufuata, Mama, vinaangalia unasoma nini, halafu vinakwenda kuwaambia wenzao."

"Aa. Udaku."

"Udaku, Mama."

"Sasa pa kukataa ni wapi?"

"Pamefichwa."

Akasonya. "Anayeuliza bila kukuonyesha pa kukataa, huyo hajauliza."

Na mdomo wangu, ambao ulikuwa umeshaniponza mara mbili siku hiyo, ukasema: "Kama wewe, Mama. Siku nne unaniuliza Nuru alale chumba kipi. Na leo dirishani, unakubali abaki. Asibaki haikuwemo."

Bi Mwajuma akainama kuchambua maharage ambayo yalishachambuliwa. Mama mkwe akavua miwani, akaikunja taratibu, na mimi nikajua nimeharibu, maji ya moto ya siku arobaini yote nimeyamwaga.

"Haya," akasema. "Nakuuliza. Abaki, asibaki?"

"Asibaki, Mama."

"Si ungesema siku ileile, ningekuwa nimeshafungasha."

"Ufungashe nini?"

"Nguo zangu. Mtoto asipobaki kwa bibi, bibi anakwenda kwa mtoto. Unakubali, unakataa?"

Nilikubali, safari hii nimeviangalia vitufe vyote viwili. Tukapanda basi la Mikumi watatu, na hadi naandika haya yupo hapa, anamdanganya Nuru kwa uji na hadithi, na kuna siku akinipanga upya vyombo vyangu jikoni natafuta yale maandishi ya kijivu. Lakini nimeapa: sikubali tena kitu kabla sijaona pa kukataa pako wapi, na nikikasirika nafunga dirisha kwanza.

Ni yeye pia aliyesema mwenye tovuti asiachwe. "Mimi umenisema usoni, yeye unamwogopa nini?" Nikafungua ukurasa wao wa mawasiliano kwenye simu yake. Likapanda: "Tunajali faragha yako." Basi anwani ya barua pepe nikaipata kwingine, nikaandika barua rasmi kwenye daftari kama tulivyofundishwa, anwani mbili na tarehe, nikaipiga picha nikaituma:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KITUFE CHA KUBALI ZOTE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilikuja kwenu kusoma habari za kuachisha ziwa, mkaniuliza swali lenye jibu moja, nikajibu kwa hasira, nusura niache mtoto. Makala yenyewe mpaka leo sijaisoma. Naomba mfute vyote mlivyochukua kwangu, na kitufe cha KATAA kiwekwe mbele, kinene sawasawa na mwenzake. Msiniambie haiwezekani. Mama mkwe wangu aliishia darasa la nne, nilimweleza mara moja tu, akakiweka hapohapo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mama Nuru, Mikumi.

Nakala: Bi Mwajuma, Vidunda (kanga sirudishi).