Mkwe Nyuma ya Goli

Miaka kumi na mmoja nimevaa GK. Urefu ndio ulioniponza. Siku ya kwanza nafika uwanja wa netiboli pale Iyunga, kocha alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akanitupia kizibao chenye herufi hizo mbili, akasema, "Wewe mnyalukolo, kaa golini." Mnyalukolo ndivyo wanavyotuita sisi wa Iringa. Nikakaa. Na kwenye netiboli ukikaa golini umekaa kweli. Uwanja una mafungu matatu, na mlinzi wa goli hatoki fungu lake la nyuma. Ukivuka mstari, filimbi. Kazi yako ni kuruka, kuzuia, na kutazama wenzako wakifunga kule mbali. Wanaoruhusiwa kufunga nao ni wawili tu, GS na GA, tena wakiwa ndani ya nusu duara. Sisi wengine hata tupige magoti, haturushi.

Miaka yote hiyo sijawahi kushika kombe. Magoti yamechoka, na nyumbani nilishawaambia huu ni mwaka wangu wa mwisho. Kwa hiyo tulipoingia fainali, tena uwanja wetu wenyewe, tena na akina mama wa Ipogolo, watu wa kwetu Iringa, nililitaka lile kombe mpaka usingizi ukanikataa. Wageni walinisalimia "Kamwene," halafu wakaanza: "Dada, umetukimbia, leo utatukoma." Nikawajibu tutaona nani atamkoma nani.

GS wetu ni jirani yangu, Mnyakyusa aliyeolewa na Mnyakyusa mwenzake. Mkono wake haukosi. Robo ya kwanza tulishambulia goli la upande wa barabarani, na kila mpira aliopewa ukaingia. Tukaongoza kumi kwa sita.

Robo ya pili tukabadilishana magoli, kama sheria inavyotaka. Hapo ndipo vituko vikaanza. Anapewa mpira, anaudakia nje ya duara, hageuki hata kulitazama goli, anampasia GA. Duarani haingii. GA wetu ana mbio, lakini kurusha, Mungu amsaidie. Na mimi niko mwisho wa uwanja, siwezi kwenda kumvuta mkono! Nilipiga kelele mpaka koo likawaka: "Ingia ndani! Ingia, mama, kwani kuna nyoka?" Akainamisha kichwa. Mpaka mapumziko, Ipogolo walikuwa mbele kwa magoli manne.

Nilimfuata kwa hasira. "Una nini wewe? Wamekuroga?"

"Mkwe yupo nyuma ya goli," akanong'ona.

Nikageuka. Kweli, mzee mmoja kakaa kwenye kiti cha plastiki, mwavuli mkononi, hatua tatu tu kutoka kwenye mlingoti. Baba mkwe wake, katoka Tukuyu asubuhi ile. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Wakikutana njiani, mama anachepuka, anajibanza hata kwenye migomba mpaka mzee apite. Sasa mtu wa hivyo utamwambia akarukeruke na sketi fupi mbele ya pua ya mkwe?

"Basi aambiwe ahame," nikasema.

"Amwambie nani? Mimi?"

Nikazidi kuchukia. Sisi kwetu Kalenga mkwe tunamheshimu vizuri sana, lakini tunamsalimia na chakula tunamtengea wenyewe. Nilitamani kulia, jamani. Kombe langu linaondoka hivihivi kwa ajili ya kiti cha plastiki.

Robo ya tatu tukarudi magoli ya mwanzo. Jirani yangu akafunga kama hana akili nzuri, tukasawazisha. Na mimi nikarudi kulinda goli lenye mzee, ambaye robo ya kwanza sikumwona kwa kukazia macho mpira. Filimbi ya mwisho wa robo ilipolia, uvumilivu ukaniisha.

"Shikamoo baba. Mbona umekaa hapa?"

"Marahaba. Nimekaa huku nisimsumbue mkamwana. Kabla hamjaanza nilimwona anajaribu kwenye goli lile pale, na hata alipokuja huku hakuingia ndani, nikajua kwake ni kule."

Loo! Alidhani kila mtu na goli lake mpaka mwisho. Mzee wa watu kasafiri kuja kumwona mkamwana wake akicheza, akachagua mahali pa mbali kwa heshima, na heshima yenyewe ndiyo inayotumaliza.

"Baba, tunabadilishana. Sasa hivi anakuja hapa."

Alishtuka kama kamwagiwa maji. Kuhama asingeweza, watu walikuwa wamejaa pande zote. Akasimama, akageuza kiti, akaupa uwanja mgongo na kutazama mahindi ya shule ya jirani.

Robo ya nne jirani yangu aliingia duarani, na hakukosa hata mmoja. Ipogolo nao wakafunga. Dakika ya mwisho tulikuwa sare. Mpira ukamponyoka mtu, ukabingirika hatua mbili nje ya mstari wangu. Mwenzangu wa karibu alikuwa ameanguka. Kule mbele jirani yangu yuko peke yake chini ya ringi, mikono juu, ananiita. Niliuona ule mpira, nikaliona kombe, nikauokota.

Filimbi. Nikatazama chini: miguu yote miwili iko fungu la kati. Ipogolo wakapewa mpira, wakapasiana mara mbili, wakafunga. Mechi ikaisha.

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele vya wageni. Mzee, mgongo bado umetugeukia, akawa anapiga makofi kwa furaha, akidhani ni vyetu. Jirani yangu asingeweza kumwendea. Nikaenda mimi.

"Mkamwana amefunga?" akaniuliza.

"Amefunga, baba. Kila alichorusha kwako huku kimeingia. Lakini tumefungwa. Aliyeharibu ni mimi."

Makofi yakakoma. "Wewe ni yupi?"

"Yule wa golini kwetu, kule nyuma."

"Ahaa," akasema. "Yule aliyekuwa anamfokea."

"Ndiye mimi, baba."