Nyumba Aliyoipigia Hodi

Habari za kifo chake zilinikuta mwaloni Musoma, nikibishana na mama muuza samaki juu ya sato aliyeanza kulegea. Mama yule akaniuliza ghafla, "Kwani hujasikia? Yule rafiki yako wa Bweri, mwenye nyumba Kenya, amefariki jana." Nilimlipa bila kuendelea kuomba punguzo, nikaondoka. Njiani nilijishangaa, kwa sababu kabla huzuni haijafika, kilichonichoma ni yale maneno, mwenye nyumba Kenya. Nyumba ile ilimpotea zamani, lakini jina limebaki. Mimi nina nyumba ya bati kule Buhare, naingia na kutoka nitakavyo, na hakuna aliyewahi kuniita mwenye nyumba ya mahali popote.

Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka miaka ya kufunga mkaja, tulipofua nguo kwa majani ya mpapai na kipande cha sabuni kikawa zawadi ya harusi. Milango ya biashara ilipofunguliwa, wengi wetu tulibaki kizingitini tukichungulia. Yeye alipita. Alianza kupeleka samaki wakavu Kisumu, na huko mnunuzi wake akamletea shauri: nunua nyumba yangu nipate mtaji, mimi nibaki humo humo kama mpangaji, nikulipe kodi kila mwezi. Shilingi yetu ilikuwa inayeyuka mfukoni, ya kule ilikuwa imara. Rafiki yangu alikwenda Guta, alikokuwa ameweka ng'ombe wake kwa mwenzake wa siku nyingi, akawauza. Yule mwenzake alimzuia kwa mtamba mmoja tu. "Huyu mwache," alimwambia. "Ng'ombe zikiisha zote, jina lako linatoka zizini." Akamwacha.

Mkewe ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wanaume hatukuuliza. Nilikuwa nimekaa nao uani, chini ya paa lao la nyasi lililokuwa likivuja. "Baba, hela ya bati unanunulia nyumba anayokaa mwingine?" Mumewe akacheka. "Kwani hizo ng'ombe nilikuwaga nalala nazo? Zilikuwa Guta, rafiki anakunywa maziwa, ndama ni zangu. Na nyumba nimeiweka kwa mtu hivyo hivyo." Mkewe akasema, "Haya. Mvua ikinyesha tutajifunika hiyo ya Kenya." Kwa asiye wa kwetu nieleze: mtu wa huku hawaweki ng'ombe wake wote zizini kwake. Huwagawa kwa marafiki, ili ugonjwa au wezi wasiwamalize mara moja. Mtunzaji hunywa maziwa, mwenye mali huhesabu ndama. Ng'ombe akifa, mtunzaji huleta ngozi, mwenye mali aione kwa macho yake.

Safari moja alinichukua nikaione. Ilikuwa nyumba hasa, yenye madirisha ya vioo na bomba la maji ndani, mahali mji unapoishia na mashamba kuanza. Tulipofika mlangoni, rafiki yangu alivua kofia akapiga hodi. Tukasimama juani mpaka tulipokaribishwa. Mpangaji wake alitupa chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi, akamwita "mwenye nyumba wangu", na rafiki yangu akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Niliiona hodi ile, lakini wivu ulinizuia kuifikiria. Niliporudi kwangu na kusimulia, mke wangu akaniambia, "Mwenzako ana nyumba nje ya nchi. Wewe choo tu hujaezeka." Kila rafiki yangu aliporudi kutoka kuchukua kodi akinukia sabuni ya kule, nilitamani nibadilishe njia.

Kwa muda aliifuata kodi mwenyewe; alipoacha safari za samaki, ikawa inaletwa na wasafiri. Kisha ikaanza kukatwa: bomba limepasuka, paa limeliwa na kutu. Kwenda kuhakikisha kulikula nauli karibu sawa na kodi yenyewe, kwa hiyo aliamini. Kisha kimya. Alipokwenda akapiga hodi, alifungua mtu asiyemjua, aliyesema nyumba ni yake. Kwenye ofisi ya ardhi ya huko akaambiwa ardhi ile bado inahesabiwa shamba, na mgeni haruhusiwi kumiliki shamba nchini humo, kwa hiyo ununuzi wake haukuhesabika. Mpangaji alikwisha hama na hakuna aliyejua wapi. Jioni aliyorudi alikaa kwangu, akasema neno moja tu: "Ng'ombe akifa, hata ngozi unaletewa." Nilimpa pole ya kweli. Lakini wivu haukuniacha, maana yeye alikuwa na kitu kikubwa cha kupoteza.

Siku hizi nasikia vijana wetu wakishawishiwa biashara za namna hii, nunua nyumba ng'ambo, mpangishe aliyekuuzia, kodi itakufuata nyumbani. Sina elimu ya kuwapinga. Najua tu kwamba desturi yetu ya ng'ombe haikulindwa na uaminifu peke yake. Ililindwa na ukaribu. Ukipita Guta unamwona ng'ombe wako, na asipokuwepo jirani atakuambia. Nyumba ya ng'ambo iko chini ya sheria ya wenyewe na mashahidi wa wenyewe, na mlango wake unafunguliwa na wenyewe. Rafiki yangu hakuwa mjinga. Alichukua kanuni nzuri akaivusha mpaka, na wale waliokuwa wakiilinda wakabaki huku.

Baada ya mazishi, msemaji wa familia aliuliza kama ilivyo desturi: nani anamdai marehemu, au marehemu anamdai nani? Akasimama mzee mwembamba kutoka Guta. "Marehemu anayo mali kwangu," alisema. "Ni yule mtamba. Alishazaa, na watoto wake wamezaa. Mmoja alikufa, ngozi yake hii hapa. Wengine wako njiani, wanangu wanawaswaga." Akaitandika ngozi mbele ya mjane. Mama yule aliyeomba bati akainama akaigusa, na hapo ndipo alipolia.

Ndugu msomaji, ukitaka kuweka mali mikononi mwa mtu, usianze kwa kuuliza atakulipa nini. Uliza kama siku ya msiba wako atakuja na ngozi bila kuitwa. Nilimwonea rafiki yangu wivu kwa miaka mingi kwa nyumba ambayo hakuwahi kuifungua mwenyewe. Juzi pale Bweri, nikimtazama mzee wa Guta akirudi kukaa kwenye benchi, nilimwonea marehemu wivu tena, na mara hii nilikuwa na sababu.