Kipipa cha Anselm Riegel

Marehemu mume wangu, Anselm Riegel, hakuwa mlevi. Naanza na hilo kwa sababu hapa Oakrun, Pennsylvania, wapo wanaomkumbuka kwa jambo moja tu: kwamba siku alipopita tajiri Whitcombe, Anselm alimwendea stesheni akiwa chakari, amekumbatia pipa la bia. Wengi wanaosimulia hivyo hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, nimevaa kofia yangu ya kanisani, na nilisimama karibu kiasi cha kusikia kila neno.

Anselm alikuwa fundi wa mapipa, kama baba yake, na kama babu yake aliyevuka bahari kutoka Ujerumani. Mimi ni binti wa mwalimu na nilisomea ualimu. Shangazi zangu walilia waliposikia naolewa na mtu mwenye sugu mikononi. Sikubishana nao. Walipokuja baadaye wakaona nyumba yetu, na piano, na vitabu vya baba yangu vimepangwa rafuni, walinyamaza wenyewe.

Mafuta yalipopatikana bondeni mwetu, kila mwenye kisima alihitaji mapipa, na mapipa ya Riegel yalikuwa hayavuji. Karakana ikajaa mafundi. Walifanya kazi kwa mwaloni mweupe uliokaushwa mwaka mzima, na walikuwa na desturi zao ambazo mtu wa nje asingeweza kuzigusa. Moja ilikuwa hii. Mtu akiwa na ugomvi na mwenzake, au na bwana wake, hutengeneza kipipa kwa mikono yake mwenyewe, hukijaza bia, hukipeleka kwa yule aliyemkosea na kukiweka katikati yao. Wanakaa, wanazungumza. Kipipa hakifunguliwi mpaka waelewane, wala hakirudishwi nyumbani. Wakishaelewana, karakana nzima hunywa. Baba mkwe wangu alinieleza kwamba hata ndugu wawili waliogombea urithi miaka mingi walimalizana hivyo. Hakuna aliyekumbuka kipipa kilichobaki kimefungwa.

Bwana Hollis Whitcombe hakuja kwa kishindo. Tulisikia tu kwamba amenunua kiwanda kimoja cha kusafishia mafuta, kisha cha pili. Waliokataa kumuuzia wakagundua kwamba reli inawatoza nauli kubwa kuliko yake, kwa mzigo uleule na safari ileile. Hawakudumu. Wanaume waliokuwa na viwanda vyao wakawa makarani wake. Halafu akanunua misitu. Hatukuelewa tajiri wa mafuta anataka miti ya nini, mpaka asubuhi moja Anselm alipokwenda na mkokoteni kwa Stroud, mwenye kiwanda cha mbao, akarudi nao mtupu.

“Mbao ziko wapi?” nikamuuliza.

“Zipo. Zimejaa uwanja mzima. Stroud anasema haruhusiwi kuniuzia hata ubao mmoja.”

“Anakatazwa na nani? Si mali yake?”

“Ilikuwa yake.”

Tulijaribu bonde la pili, na la tatu. Jibu lilikuwa lilelile. Kumbe kampuni ya Whitcombe ilikuwa inajenga kiwanda chake cha mapipa, chenye mitambo, na haikutaka mwaloni uende kwingine. Anselm akamwendea wakala wa kampuni, Bwana Prentiss, kijana mpole mwenye kola nyeupe.

“Bwana Riegel, hakuna aliyekukataza kutengeneza mapipa,” alisema Prentiss.

“Nitayatengeneza kwa nini? Kwa ukungu?”

“Hilo siwezi kukujibu. Mimi nimeajiriwa tu, mzee wangu.”

Stroud naye alikuwa ameajiriwa tu. Mkuu wa stesheni ameajiriwa tu. Kila mlango tuliobisha tulikuta mtu mwema nyuma yake ambaye hana la kufanya.

Anselm alikata shauri kwamba kosa ni moja: hajazungumza na mwenyewe. “Mtu huyo hajawahi kukaa nami chini,” alisema mezani petu, Tully akiwapo. “Atajuaje kama ananiumiza?”

Fergus Tully alikuwa fundi wake wa mkono wa kulia, Mwairishi mwenye maneno mengi. “Anajua, kaka. Nyoka hahitaji kuambiwa kwamba ameuma.”

“Kwenu ninyi Wairishi kila tajiri ni nyoka.”

“Na kwenu ninyi Wajerumani kila tajiri ni mjomba aliyepotea, akionyeshwa njia atarudi nyumbani. Shemeji, hebu mwambie mumeo.”

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba nimesikia Bwana Whitcombe ni mcha Mungu asiyegusa kileo. Anselm akatikisa kichwa. “Si lazima anywe. Lazima akae.”

Zikaja habari kwamba tajiri atapita Oakrun katika behewa lake mwenyewe, na kwamba treni itasimama kidogo ili injini ijazwe maji. Anselm akachukua mwaloni wa mwisho uliobaki karakanani, ambao ungetosha pipa moja kubwa la kuuza, akaukata kwa kipipa. Mafundi wengine walisimama kando wakimtazama akizikunja mbao kwa moto na kuzifunga kwa pete za chuma. Hakuna aliyetania, hata Tully.

Siku treni ilipofika, mji mzima ulikuwa stesheni. Bendi ya zimamoto ilipiga. Bi Orpha Stroud, mke wa yule wa mbao, alikuwa mbele kabisa na glavu mpya. Anselm alipopita na kipipa begani, amevaa koti lake la harusi, mama huyo alinigeukia.

“Bi Riegel, mumeo anahama?”

“Anakwenda kuzungumza na mgeni.”

“Kwa pombe, mama?”

“Mgeni hapokelewi mikono mitupu, Bi Orpha. Sisi tunampa kipipa. Wengine wamempa msitu mzima.”

Akanigeuzia mgongo.

Bwana Whitcombe alitoka kwenye ngazi ya nyuma ya behewa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Niliona mtu mwembamba, safi, mwenye skafu shingoni kama anayeogopa mafua, na macho ya upole. Watu walipiga makofi. Anselm akasogea, akatua kipipa ukingoni mwa jukwaa, karibu na ngazi, akavua kofia.

“Bwana Whitcombe, mimi ni Anselm Riegel, fundi wa mapipa wa hapa. Nina jambo nawe. Tafadhali shuka tukae.”

Watu wakacheka. Tajiri hakucheka. “Ni nini hicho?”

“Bia, bwana. Haifunguliwi mpaka tuelewane.”

“Rafiki yangu, mimi sinywi. Nawe ningekusihi uache.”

“Nitaacha leo hii, bwana, ukiruhusu niuziwe mbao. Siombi bure. Nitalipa kama anavyolipa kila mtu.”

Vicheko vikakatika. Tajiri akamtazama Prentiss, aliyekuwa amesimama kando ya behewa. “Mbao ziko chini ya nani?”

“Ziko chini ya ofisi kuu, bwana,” alisema Prentiss.

“Na ofisi kuu ni ya nani?” Anselm akauliza. Hakuuliza kwa jeuri. Alitaka kujua.

Bwana Whitcombe akainama kidogo juu ya vyuma vya kushikilia vya ngazi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfariji mgonjwa. “Bwana Riegel, wewe unadhani mimi naweza kuyasimamisha haya? Nikikuuzia wewe, nitawauzia wote. Mapipa yatapanda bei, mafuta ya taa yatapanda, na mama maskini mahali fulani atakaa gizani. Hivi ndivyo dunia inavyokwenda sasa. Nikifa kesho, atakuja mwingine afanye vivyo hivyo.”

“Basi kaa nami dakika moja kabla hujafa,” alisema Anselm.

Injini ikapiga king'ora. Tajiri akatia mkono mfukoni. Nikaomba Mungu asitoe fedha, na hakutoa, alitoa kitambaa akapangusa pua. “Nitakuombea,” alisema. Naamini alimaanisha, na naamini aliomba. Treni ikaondoka, tajiri bado amesimama pale ngazini, kofia yake mkononi, mpaka ilipokata kona.

Watu walitawanyika haraka. Mafundi wakabaki wamekizunguka kipipa.

“Tufungue?” Tully aliuliza.

“Hatujaelewana naye.”

“Basi turudi nacho.”

“Hakirudi nyumbani, Fergus. Unajua.”

Hapo ndipo nilipowaona wanaume wazima, wenye misuli ya kunyanyua magogo, hawajui waweke wapi mikono yao. Desturi ilikuwa na jibu la kila ugomvi isipokuwa huu, ambapo mwenzako anakuambia kwamba aliyekukosea si yeye. Mkuu wa stesheni akaja akasema, kwa adabu, kwamba kitu kile kinazuia njia ya vifurushi. Wakakisogeza ukutani. Kilikaa pale mpaka barafu ya Januari ikakipasua, na hakuna aliyeonja tone.

Lakini kabla ya jua kutua siku ileile, mji ulishasema Riegel alikuwa amelewa. Nilimfuata Bi Orpha mpaka kwenye lango lake nikamuuliza mume wangu alilewa kwa pombe ipi, ikiwa kipipa kizima kiko stesheni. “Alikunywa kabla,” alijibu. Nimelijibu neno hilo miaka yote hii, kanisani, dukani na msibani, na bado linasemwa. Watu wanalihitaji. Wao au waume zao nao walikuwa na mbao, au visima, au maduka, na hakuna hata mmoja aliyesogea mbele kumwuliza tajiri.

Karakana ilifungwa kabla ya Krismasi. Tully alikwenda magharibi kutandaza reli. Aliniaga akilia, akaficha machozi kwa matusi ya Kiairishi. Mimi nilirudi kufundisha. Anselm alichukuliwa kwenye kiwanda kipya cha mapipa cha kampuni, na Prentiss, ambaye nasema tena alikuwa mpole, alihakikisha anapewa nafasi karibu na dirisha.

Siku ya kwanza aliporudi nilimvua koti, nikamuuliza kazi ikoje.

“Si kazi,” alisema. “Ni kusimama. Ubao unapita, nausukuma, unapita mwingine.”

“Ni mwaloni mzuri?”

Alifikiri. “Mzuri sana,” alisema. “Ule wa Stroud.”

Nikampakulia supu, tukala.