Winga Niliyemwita Gurey

Siku ya kwanza ya ukocha sikupewa filimbi wala mpira. Mwenyekiti wa timu yetu ya Galbet alinishika mkono mbele ya wachezaji akasema, "Huyu mnamjua." Na kweli walinijua. Kutoka Garissa hadi Wajir, beki aliyepangwa kunikaba mimi alikosa hamu ya chakula. Nilikuwa namba tisa, yule anayesimama mbele kabisa na kazi yake ni moja tu, kufunga. Shule niliacha darasa la tatu. Miguu hii ndiyo iliyonijengea nyumba, na sikumwomba mtu.

Ukocha nao niliuendesha kwa kichwa changu. Uwanja wetu ni mchanga, mpira hautelezi, unazama. Nikawafundisha vijana kuuinua kidogo kila wanapotoa pasi. Makocha wenye vyeti walikuja kutazama na kuandika. Mimi sikuandika kitu.

Katibu wa timu, mwalimu mstaafu, hakuupenda mtindo huo. "Kocha, kila mchezaji aandikwe majina matatu, kama kitambulisho kinavyosema."

"Walaal, ndugu yangu, watu wangu nawajua," nikamjibu.

Niliwajua kama tunavyojuana huku kwetu, kwa lakabu. Yule mrefu ni Dheere, basi. Anayetumia kushoto ni Gurey. Gurey wangu alikuwa winga, mkimbiaji wa pembeni, na mguu wake wa kushoto sijauona kwa mwingine mpaka leo.

Baba yake alikuwa mfugaji wa Buna, akitaka kijana arudi kwenye ngamia. Tukakubaliana mzee aje Habaswein siku ya nusu fainali, amwone mwanawe akicheza mara moja tu, halafu aamue.

Wiki ile katibu alikuwa mgonjwa. Orodha ya kikosi, ile karatasi anayokabidhiwa kamishna wa mechi, nikamsomea mwenyewe kutoka kichwani mama mmoja wa duka la kupiga chapa. Sikusita hata jina moja. Kwa Gurey nikasema Abdi Hassan. Wallahi nilikuwa na hakika.

Siku ya mechi kamishna alitazama kitambulisho cha Gurey, akatazama karatasi. "Huyu ni Mohamed Noor Adan. Hapa hayupo."

"Ni Gurey huyo. Uliza uwanja mzima."

"Kocha, uwanja mzima hauna mhuri. Mimi ninao."

Gurey alikaa pembeni dakika zote tisini, viatu vimefungwa kamba. Tulifungwa moja bila. Mzee akaja taratibu, fimbo begani.

"Amekaa kwako muda gani?"

"Miaka miwili, adeer," nikamjibu kwa heshima ya ami.

"Mimi ngamia wangu namjua kwa jina, namjua mama yake, namjua na nyanya yake." Hakupaza sauti. "Wewe mwanangu miaka miwili unamwita wa kushoto."

Gurey akavua viatu, akanikabidhi, akaondoka na baba yake.

Nimetukanwa na mashabiki wa kila mji, sikuwahi kuumia vile. Mvua zilipokwisha nilikwenda Buna. Nikamkuta mzee kisimani akinywesha. Baada ya salamu nikamtajia jina la mwanawe, la baba, la babu, nikapanda hivyo mpaka mtu wa kumi. Katibu ndiye aliyeniulizia kwa jamaa zao na kunikaririsha, mimi niliyesema sifundishwi na mtu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Wa saba umemkosea," akasema, akanirekebisha, kisha akanimiminia maziwa. "Sasa unamjua. Lakini ngamia wanazaa, na mimi nimezeeka."

Gurey alivipokea viatu vyake, akacheka kidogo. Hakurudi kwenye timu tena.

Mwaka huu nimestaafu. Vikombe vinne vilivyo kabatini pale ofisini nimevileta mimi, na kocha mwenye vitano ajitokeze. Siku ya kuniaga, makocha vijana walitoa kalamu wakingoja mbinu. Nikawaambia siku ya kwanza wasitoe mpira. Wakae chini na wachezaji, kila mmoja ajitaje yeye na wazee wake.

"Na winga bora uliyemfundisha ni nani, kocha?" mmoja akauliza.

Nikasimama. Nikamtaja Mohamed Noor Adan, nikapanda mpaka wa kumi, na wa saba sikumkosea.