Sahani ya Mama

Juzi Wambui, mdogo wangu ambaye niliacha shule ili asome, alikuja kwangu Thika akanionyesha tiketi kwenye simu: Nairobi hadi Riyadh.

"Masaa manne na kidogo tu. Usininunie."

Nilisikia tena harufu ya githeri, mahindi na maharagwe ya utotoni. Mchana ule mama alipoondoka, tulikuwa Ruiru. Tata, dada yake mama, alikuwa ametoka kumsindikiza mama uwanja wa ndege, akienda kazi Riyadh.

"Wacha kulia," aliniambia. "Ni masaa manne, amefika."

Kwetu, anayerudi siku hiyo huwekewa chakula. Anayelala huko hawekewi. Nilihesabu kwa vidole: manne ya kwenda, manne ya kurudi. Nikampakulia mama githeri, nikafunika sahani, nikamchapa Wambui mkono alipoigusa.

"Ya nani hiyo?" tata aliuliza.

"Ya mama."

Aligeuka akajifanya anachochea jiko.

Mama alirudi baada ya miaka miwili, ndani ya sanduku. Mwili wake ulikuwa umengoja huko miezi mitatu kwa safari ya masaa manne.

Nilimrudishia Wambui simu yake.

"Siku utakayopanda ndege," nilimwambia, "sitakuwekea chakula."